Jinsi Oili Ilivyopata Chujio

Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza aitwaye Beauchamp Tower alikuwa akizifanyia majaribio beringi za ekseli za mabehewa ya reli. Alitaka kujua msuguano hupungua kiasi gani oili inapotiwa kwa njia mbalimbali. Siku moja alitoboa tundu juu ya beringi ili aweke kikombe cha kudondoshea oili. Mtambo ulipoanza kuzunguka, oili haikushuka tunduni bali ilipanda na kumwagika. Tower akaliziba tundu kwa kizibo, kizibo kikasukumwa nje. Akagongomea kigingi cha mti, nacho kikatoka. Alipofunga geji ya kupimia shinikizo, mshale ulipita pauni 200 kwa inchi ya mraba, zaidi ya mara mbili ya mzigo wa wastani uliokuwa ukiikandamiza beringi ile.

Hapo ndipo ilipobainika kwamba chuma hakikuwa kikigusa chuma. Ekseli ilipozunguka iliivuta oili ikaingia kati yake na beringi, na utando huo wa oili ndio uliobeba mzigo wote. Mwaka 1886 Osborne Reynolds, profesa wa uhandisi mjini Manchester, aliandika hesabu za utando huo, na hadi leo wabunifu wa beringi hutegemea hesabu hizo.

Ugunduzi huo ulikuwa na upande wa pili ambao ulichukua karibu karne nzima kueleweka. Utando wa oili ni mwembamba mno. Ndani ya beringi za injini inayofanya kazi, unene wake hushuka hadi mikroni chache, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una mikroni 70 hivi, na jicho hushindwa kuona chembe iliyo chini ya mikroni 40 hivi. Kwa hiyo chembe ya mchanga ya mikroni 10, ambayo hakuna fundi awezaye kuiona hata akiitandaza oili kiganjani juani, inatosha kuujaza utando wote na kukwaruza chuma pande zote mbili. Kila hatua kubwa katika usafi wa oili ilipatikana pale mtu alipoacha kutegemea macho na vidole, akatafuta njia ya kupima.

Oili inayorudi, na uchafu unaorudi nayo

Katika enzi ya mvuke, mitambo mingi ilitiwa oili ya kupotea. Tone lilidondoka, likalainisha, kisha likavujia chini au likatoka pamoja na mvuke. Ilikuwa hasara, lakini chembe iliyoingia nayo ilitoka. Hali ilianza kubadilika mwaka 1890, pale Albert Charles Pain wa kiwanda cha Belliss mjini Birmingham alipopata hataza ya kusukuma oili kwa pampu hadi kwenye beringi za injini ya mvuke, halafu ikarudi chini kwenye hodhi na kusukumwa tena. Injini zikaweza kwenda kwa kasi kubwa na kudumu. Lakini tangu siku hiyo, chochote kilichoingia ndani ya oili kikawa kinarudi beringini maelfu ya mara.

Magari ya kwanza ya petroli yalikuwa na ulainishaji wa kubahatisha. Ford Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908, haikuwa na pampu ya oili wala filta. Gurudumu kubwa lililokuwa nyuma ya injini liliichota oili na kuirusha, bomba likaikinga na kuipeleka mbele, na iliyobaki ikarukia sehemu nyingine. Barabara zilikuwa za vumbi, na injini nyingi zilivuta hewa bila chujio lolote. Mchanga uliingia kwa mdomo wa kabureta, ukapita kwenye silinda, ukateremka kando ya ringi za pistoni hadi kwenye oili. Huko ulikutana na masizi, maji na petroli ambayo haikuungua. Dawa pekee ilikuwa kumwaga oili yote kila baada ya maili mia kadhaa, na hata hivyo kushusha injini ili isagwe upya lilikuwa jambo la kawaida katika maisha ya gari.

Mtu wa machujio ya viwandani

Aliyelileta chujio la kweli kwenye gari hakuwa fundi wa magari. Ernest Sweetland wa California alikuwa amejulikana kwa machujio makubwa ya viwandani, yaliyokamua vimiminika kwa shinikizo kupitia vitambaa na kutumika, miongoni mwa kazi nyingine, katika usafishaji wa sukari. Mwaka 1923, akiwa na mwenzake George Greenhalgh, alibuni chujio dogo la oili ya gari lenye kitambaa kilichofunika bamba za chuma zenye matundu. Akalipa jina la Purolator.

Bahati yao ilikuja haraka. Mwaka 1924 Walter P. Chrysler alizindua gari la kwanza lenye jina lake mjini New York. Lilikuwa na injini ya silinda sita yenye mgandamizo mkubwa, pampu ya kusukuma oili hadi kwenye beringi, chujio la hewa na chujio la oili. Vitu hivyo vilikuwa vimezoeleka, kama vilikuwepo kabisa, kwenye magari ya matajiri tu; Chrysler aliviweka kwenye gari la bei ya kati. Mwaka wa kwanza yaliuzwa magari yapatayo 32,000, na washindani wakalazimika kufuata.

Machujio hayo ya mwanzo yalikuwa ya pembeni. Pampu ilipeleka oili moja kwa moja kwenye beringi, na sehemu ndogo tu, kama moja ya kumi, ndiyo iliyopitishwa kwenye chujio kisha ikarudi kwenye hodhi. Wabunifu waliogopa kuweka chujio kwenye njia kuu kwa sababu ya msingi kabisa: kitambaa kikiziba, beringi zitakosa oili, na injini itanoki ndani ya dakika chache. Chujio la pembeni liliondoa uchafu polepole, lakini chembe iliyoanguka leo ingeweza kupita beringini mara nyingi kabla zamu yake ya kuchujwa haijafika.

Oili nyeusi si lazima iwe oili mbaya

Miaka ya 1930 ilileta dizeli, na dizeli ikaleta masizi. Katika matrekta ya dizeli ya Caterpillar, masizi na utomvu ulioungua viligandisha ringi ndani ya mifereji ya pistoni. Kampuni ya Standard Oil ya California, kwa kushirikiana na wahandisi wa Caterpillar, ilitengeneza oili yenye viungo vya kemikali vya kuosha, ikaiuza kwa jina la Delo. Viungo hivyo vilizuia masizi yasigande kwenye chuma na kuyafanya yaelee ndani ya oili yakiwa vumbi laini mno.

Matokeo yake yaliwachanganya mafundi wengi. Oili mpya iligeuka nyeusi ndani ya siku chache, na wenye matrekta wakadhani imeharibika. Kumbe ilikuwa ikifanya kazi yake, maana masizi yaliyotawanyika vizuri ni madogo kuliko unene wa utando na hupita bila kukwaruza sana. Chembe ya mchanga, kwa upande wake, haibadilishi rangi ya oili hata kidogo. Oili nyeusi ya dizeli inaweza kuwa salama, na oili ya rangi ya asali inaweza kuwa imejaa mchanga unaoitafuna injini.

Vumbi la vita, vumbi la Kongwa

Vita Kuu ya Pili ilithibitisha kwamba usafi wa oili huanzia kwenye hewa. Ndege za Spitfire zilizopelekwa Malta na Afrika Kaskazini zilifungwa chujio kubwa la hewa lililobuniwa na kampuni ya Vokes, likaning'inia chini ya pua ya ndege mithili ya kidevu. Lilizuia mchanga, lakini lilipunguza kasi, na marubani walililalamikia. Mafundi wa karakana ya jeshi la anga huko Aboukir, Misri, wakatengeneza lao, dogo zaidi na lisilozuia upepo sana. Kuliondoa kabisa halikuwa jambo la kufikiria, kwa kuwa mchanga wa jangwani ungeila injini ndani ya muda mfupi.

Miaka michache baadaye somo hilo lilifika Tanganyika. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga huko Kongwa, Dodoma, kwa ndoto ya kulima mamilioni ya ekari. Matrekta mengi yalikuwa masalia ya vita, mengine yaliletwa kutoka Ufilipino yakiwa tayari yamechoka. Vipuri vilikuwa haba, na madereva wengi walikuwa wanajifunza kazi papo hapo. Udongo wa Kongwa ulikuwa mgumu wakati wa kiangazi na umejaa mchanga mkali uliokula majembe ya matrekta. Kabla mwaka haujaisha, sehemu kubwa ya mitambo ilikuwa imelala, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Sababu za anguko hilo zilikuwa nyingi, kuanzia mvua hadi siasa za London, lakini yeyote aliyewahi kulima Dodoma kwa trekta anajua vumbi lile. Mchanga wa silika ni mgumu kuliko vyuma vingi vilivyomo ndani ya injini. Ukiingia kwenye oili, oili inakuwa msasa.

Karatasi, kopo na vali

Baada ya vita, karatasi yenye mikunjo ilichukua nafasi ya kitambaa na pamba. Mikunjo iliweka eneo kubwa la karatasi ndani ya kopo dogo, hivyo oili nyingi ikapita bila kukwama. Wabunifu wakapata ujasiri wa kupitisha oili yote kwenye chujio kabla haijafika beringini. Hofu ya zamani ya kuziba waliijibu kwa vali yenye springi: karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito kwa baridi, vali hufunguka na oili hupita bila kuchujwa. Hesabu yao ilikuwa kwamba afadhali beringi ipate oili chafu kuliko kukosa oili kabisa. Mwaka 1954 kampuni ya WIX ya Gastonia, North Carolina, ikaleta filta ya kopo zima inayofungwa kwa kuzungushwa, ile ambayo sasa ipo kwenye rafu ya kila duka la vipuri kuanzia Mombasa hadi Mbeya.

Si kila injini iliipokea. Volkswagen Kobe, iliyoshinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1954 na tena 1962, ilitegemea wavu wa chuma tu kwenye oili, pamoja na chujio la hewa lenye bakuli la oili lililonasa vumbi. Wavu ule ulizuia vipande vikubwa na kuachia vidogo vyote. Kilichoiokoa injini ni bakuli lile la hewa na nidhamu ya kumwaga oili kwa wakati.

Kutoka maziwa hadi bodaboda

Njia nyingine ya kusafisha oili haitumii karatasi. Mwaka 1878 Msweden Gustaf de Laval alitengeneza mashine ya kutenganisha malai na maziwa kwa kuyazungusha kwa kasi kubwa, kizito kikasukumwa nje na chepesi kikabaki kati. Mwaka 1912 meli ya Selandia ya Denmaki ilionyesha kwamba dizeli inaweza kuvuka bahari kuu, na meli za dizeli zilipoongezeka, mashine za ukoo wa ile ya de Laval zikawekwa kwenye vyumba vya injini ili zitoe maji na tope kwenye oili. Bado zinafanya kazi hiyo kwenye meli zinazotia nanga Dar es Salaam na Mombasa.

Kanuni hiyohiyo ilishuka hadi barabarani. Malori na mabasi ya Scania huwa na bakuli linalozungushwa na shinikizo la oili yenyewe, na fundi akilifungua hukuta tabaka zito jeusi limeganda ukutani. Kila gramu ya tope hilo ni uchafu ambao ungebaki ndani ya injini. Honda nayo, ilipobuni pikipiki ya CG125 katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako sevisi hucheleweshwa, iliweka kikombe kidogo cha kuzunguka kwenye ncha ya krankishafti. Bodaboda nyingi za leo zina injini zilizoigwa kutoka kwa hiyo, na kikombe bado kimo. Hakihitaji kununuliwa filta, ila uchafu hukaa humo hadi kifuniko kifunguliwe na kikombe kisafishwe. Anayemwaga oili miaka nenda miaka rudi bila kukifungua ameiacha nusu ya kazi.

Mitambo ya haidroliki yadai zaidi

Injini ilifundisha kuhusu mikroni kumi, na haidroliki ikafundisha kuhusu mikroni mbili. Katika pampu na vali za haidroliki, chuma huteleza ndani ya chuma kwa nafasi ndogo mno. Mwaka 1951 Bill Moog alianzisha kampuni huko East Aurora, New York, kutengeneza vali zinazoongoza makombora na ndege kwa ishara ndogo ya umeme. Nafasi kati ya kijiti cha vali ya aina hiyo na ala yake ni kati ya mikroni 1 na 4. Vumbi laini likijikusanya humo, kijiti hunata, na chombo huacha kutii.

Mtu mmoja aliyelitatua tatizo hilo ni David Pall, mkemia aliyezaliwa Kanada. Wakati wa vita alikuwa ametengeneza machujio ya chuma kwa ajili ya mradi wa bomu la nyuklia la Marekani, kazi iliyodai matundu madogo yanayofanana yote. Mwaka 1946 alianzisha kampuni yake, na ujuzi ule ukahamia kwenye haidroliki za ndege.

Tatizo lililobaki lilikuwa la ukweli sokoni. Kampuni moja iliandika kwenye filta yake “mikroni 10”, nyingine ikaandika vivyo hivyo, na hakuna aliyejua maandishi hayo yana maana gani. Je, filta ilizuia chembe zote za mikroni 10, au nusu yake, au chache tu? Profesa Ernest Fitch na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma walitengeneza jaribio la kuumaliza ubishi. Oili iliyotiwa vumbi maalumu ilizungushwa kupitia filta tena na tena, na chembe zikahesabiwa kabla na baada ya filta. Vumbi lenyewe lilitokana na udongo wa Arizona, uliochekechwa kwa vipimo thabiti. Gawanya hesabu ya kabla kwa hesabu ya baada, unapata uwiano wa Beta. Beta ya 2 maana yake nusu ya chembe zimepita. Beta ya 75 huzuia chembe karibu 99 katika kila 100. Jaribio hilo liliingia katika viwango vya kimataifa mwaka 1981, likaboreshwa mwaka 1999.

Sambamba na hilo kikaja kiwango cha ISO 4406, kinachoutaja usafi wa oili kwa namba. Oili yenye alama 18/16/13, kwa mfano, ina kati ya chembe 1,300 na 2,500 zenye zaidi ya mikroni 4 katika kila mililita moja. Namba ikipanda kwa moja, chembe huongezeka maradufu. Hatimaye fundi wa Geita na mhandisi wa Stuttgart wangeweza kuzungumzia uchafu wa oili kwa lugha moja.

Ushahidi wa injini yenyewe

Njia ya kusikiliza chuma kinachokufa ilikuwa imepatikana tayari. Mwaka 1946 kampuni ya reli ya Denver and Rio Grande Western ilianza kupima maabarani sampuli za oili za vichwa vya treni vya dizeli, ikitafuta chembechembe za metali. Metali zinazotokana na beringi zikiongezeka, mafundi walijua beringi inalika kabla haijavunjika. Leo migodi mikubwa ya Afrika Mashariki hupeleka sampuli za mitambo yao maabara kwa mantiki hiyohiyo.

Kisha mwaka 1988 David Staley wa General Motors alichapisha matokeo ya majaribio yaliyofunga hoja. Alilinganisha injini zilizochujwa oili kwa viwango tofauti. Ikilinganishwa na filta ya mikroni 40, filta ya mikroni 30 ilipunguza ulikaji kwa asilimia 50, na ya mikroni 15 kwa asilimia 70. Injini na oili havikuwa vimebadilika. Kilichobadilika ni ukubwa wa matundu.

Karne hii ya majaribio inatudai mambo ambayo hayahitaji maabara. Filta ya hewa iliyopasuka ni hatari kuliko oili iliyochelewa kumwagwa kwa wiki moja. Filta bandia yenye karatasi duni huwa na kopo linalong'aa sawa na la filta halali, kwa hiyo tuulize Beta na chanzo chake, tusinunue kwa rangi. Oili mpya ya haidroliki kutoka kwenye pipa mara nyingi ni chafu kuliko inavyotakiwa na pampu ya ekskaveta, na inapaswa kuchujwa inapomiminwa, si kutiwa kwa ndoo iliyokaa wazi gereji. Malori ya safari ndefu yanastahili chujio la pembeni pamoja na lile la njia kuu, kwa kuwa wazo la Sweetland halikufa: kilichokuwa dhaifu kikiwa peke yake kimekuwa msaidizi bora. Nayo oili iliyomwagwa isiishie mtaroni. Wengi huipaka nguzo kuzuia mchwa, lakini sehemu yake salama ni kwa wakusanyaji wanaoirejesha viwandani.

Mwenye daladala, mwenye trekta na mwenye bodaboda wananunua chombo kwa mkopo, na chombo hicho ndicho ada ya mtoto na chakula cha nyumbani. Injini inayodumu mara mbili inalipa deni na kuacha akiba. Elimu ya kuifanya idumu imekwisha kupatikana, imepimwa na imeandikwa kwa namba. Tuifundishe kwenye vyuo vya ufundi vya VETA na kwenye gereji za uani, na mafundi wetu waache kuihukumu oili kwa kidole.